Majivu Chini ya Lami

Barabara inayopanda kwenye daraja la pili la Nizamuddin, mjini Delhi, haina cha kumshtua dereva. Ni tuta kama matuta mengine: urefu kilometa 1.8, kimo kati ya mita 6 na 9, lami juu, na magari yanayovuka mto Yamuna usiku na mchana. Cha ajabu hakionekani. Ndani ya tuta hilo, mahali ambapo mtu angetarajia udongo au kifusi, yamo majivu ya makaa ya mawe, mita za ujazo zipatazo 150,000, yaliyochotwa kwenye mabwawa ya kituo cha umeme cha Indraprastha kilichokuwa jirani. Tuta lilifunguliwa kwa magari mwaka 1998. Kituo chenyewe kilizimwa mwishoni mwa 2009. Umeme wa makaa yale ulitumika ukaisha siku ile ile ulipozalishwa. Majivu yake yako pale pale, na kazi yake haijaisha.

Wapo wanaolitazama tuta hilo kama jibu kamili: taka imepata kazi, shamba la mtu halikuchimbwa, bwawa la majivu limepungua. Wapo wanaoliona kama sumu iliyofunikwa shuka. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania tabia ya majivu na kukiacha kiini cha suala. Majivu ni yale yale, yawe bwawani, shimoni au chini ya lami. Kinachoamua kama yamehifadhiwa au yametupwa ni mambo mawili. La kwanza ni maji: kama yanaweza kuyafikia majivu hayo, na yakishayapitia yanaelekea wapi. La pili ni kumbukumbu: kama baada ya miaka 50 atakuwepo mtu anayejua majivu yalilazwa wapi na kwa kina gani. Barabara iliyojengwa kwa uangalifu hutimiza yote mawili kuliko karibu mahali pengine popote. Barabara iliyojengwa kwa haraka ya kupunguza taka hugeuka kichaka cha kufichia dampo.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi tunapolisikia neno majivu tunafikiri jivu la kuni, lile ambalo bibi zetu walisugulia sufuria na kuchanganya na maharage ili yasibunguliwe. Haya ni mengine. Makaa ya mawe husagwa yakawa unga, unga ukapulizwa ndani ya tanuri, na yale mawe na udongo yaliyojificha ndani ya makaa yakayeyuka katika mwali na kupoa yakiwa bado hewani, kwa umbo la matone. Ukiyatazama kwa hadubini unaona shanga za kioo, nyingi ndogo kuliko upana wa unywele, baadhi zikiwa tupu ndani kama yai lililonyonywa. Takriban sehemu 4 kati ya 5 za majivu hupaa na moshi na kunaswa kabla hazijafika kwenye bomba. Hayo ndiyo majivu laini. Yaliyobaki huanguka chini ya tanuri yakiwa punje nzito kama mchanga. Na kiasi chake hutegemea makaa yalitoka wapi. Makaa ya India yana jivu jingi, kati ya asilimia 30 na 45 ya uzito wake. Maana yake ni kwamba kila malori matatu ya makaa yanayoingia kituoni hurudisha nje lori zima la majivu, na pengine zaidi.

Kwa kemia, shanga hizo ni silika, alumina na chuma kwa wingi, na hapo zina undugu na majivu ya volkano ambayo Warumi waliyachimba Pozzuoli na kuyachanganya na chokaa kujengea magati na mahekalu. Undugu huo tunao hata kwetu: viwanda vya saruji vya Afrika Mashariki, Mbeya kwa mfano, huchanganya pozolana ya volkano katika saruji zao. Majivu laini ya makaa hufanya kazi hiyo hiyo. Yakikutana na chokaa na maji hukaza taratibu, kwa wiki na miezi, yakawa kama jiwe laini. Wamarekani waliyatia kwenye zege la bwawa la Hungry Horse, Montana, lililokamilika mwaka 1953, na tangu hapo kuyatumia badala ya sehemu ya saruji kumekuwa jambo la kawaida katika nchi nyingi. Barabara ya zege yenye majivu ndani yake haina mjadala mkubwa. Majivu yamefungwa ndani ya jiwe, na saruji iliyookolewa ni saruji ambayo haikuchomwa tanurini. Mjadala uko kwenye tuta, ambako majivu hulazwa kwa maelfu ya tani bila kufungwa na kitu chochote isipokuwa uzito wake na udongo uliofunika juu.

Mhandisi ana sababu za haki za kuyapenda majivu kwenye tuta. Yakishindiliwa, mita moja ya ujazo huwa na uzito wa tani 1.1 hadi 1.3, wakati udongo ulioshindiliwa hufika tani 1.7 hadi 2. Kwenye bonde la mto, ambako ardhi ya chini ni tope lililolala tangu enzi, tofauti hiyo si ndogo. Tuta jepesi halizami sana, halisukumi nguzo za daraja, na lami ya juu haipasuki kwa kushuka upande mmoja. Pamoja na hayo, majivu hayavimbi yakilowa kama udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaowatesa wajenzi wa barabara kuanzia nyanda za Deccan hadi mbuga za kwetu. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa barabara ya India, CRRI, waliyajua haya yote walipokuwa wakisaidia kusanifu matuta ya Delhi. Kabla ya Nizamuddin walikuwa wameshajaribu mahali padogo, kwenye barabara ya kupandia daraja la juu la Okhla mwaka 1996, kwa majivu ya kituo cha Badarpur yaliyoimarishwa kwa nyavu za plastiki ngumu. Mwaka 2001 chama cha barabara cha nchi hiyo kikatoa mwongozo rasmi wa matuta ya majivu. Hawakubahatisha, walijifunza hatua kwa hatua.

Kazi yenyewe ni ya nidhamu. Majivu humwagwa, greda likayasawazisha kwa tabaka la sentimeta 20 au 30, maji yakanyunyizwa kwa kipimo, kisha rola la kutetemeka likapita. Yakiwa makavu mno rola huyasukuma tu pembeni, na upepo ukavuma hakuna anayeona mbele. Yakiwa na maji mno hutetemeka chini ya gurudumu kama uji uliopoa. Kipimo kikikaa sawa, tabaka hukaza na gari la maji likapita juu bila kuacha alama. Mvua moja ya nguvu ikiyakuta wazi, hata hivyo, huyachonga mifereji usiku mmoja, kwa sababu shanga hazishikani zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana kila tuta la majivu huvaa koti la udongo: ubavuni, juu, na mara nyingi tabaka la udongo katikati pia. Mjenzi anayekopa kutoka kwenye koti hilo ili kuokoa fedha amelivua tuta nguo.

Hadi hapa ni faida. Sasa upande wa pili, na sitaupunguza. Ndani ya shanga, na zaidi juu ya ngozi yake, kimo kiasi kidogo cha aseniki, seleni, boroni, molibdeni, kromi, risasi, kadmi na zebaki. Vitu hivi vilikuwamo ndani ya makaa tangu mwanzo. Kuchoma kaboni kumeviacha nyuma vikiwa vimekusanyika mahali pamoja, na vingine vilivyogeuka mvuke tanurini vimerudi kugandia juu ya punje moshi ulipopoa, ndiko viliko karibu zaidi na maji. Boroni hutoka upesi sana, ndiyo maana huwa ya kwanza kuonekana kwenye visima vya jirani. Aseniki na seleni zina tabia ya kuhadaa: maji ya chokaa, ambayo huzizuia metali nyingi nyingine, yanaweza kuziachia hizi. Basi anayepima risasi pekee akaridhika hajapima kitu.

Mtu atasema: kama ni hivyo, tuyaache yalipo. Hoja hii ina mvuto, lakini inasahau yalipo ni wapi. Katika vituo vingi majivu huchanganywa na maji yakasukumwa kwa bomba hadi kwenye bwawa lililozungukwa na kuta za udongo, mara nyingi karibu na mto, kwa sababu kituo chenyewe kilijengwa mtoni kwa ajili ya maji ya kupozea mitambo. Huko majivu yamelala majini mchana na usiku kwa miongo, jambo ambalo hasa ndilo lisilotakiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Desemba 2008, ukuta wa bwawa la kituo cha Kingston, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, uliporomoka. Mita za ujazo zaidi ya milioni 4 za tope la majivu zilimwagika, zikafunika takriban hekta 120 za ardhi na mto Emory na kusukuma nyumba kutoka kwenye misingi yake. Kuyazoa kuligharimu zaidi ya dola bilioni 1, na wafanyakazi wengi walioyazoa waliishia mahakamani wakidai kwamba vumbi lile liliwaharibu afya. Sehemu kubwa ya tope hilo ilipakiwa kwenye treni na kwenda kufukiwa Perry County, Alabama, wilaya maskini ambayo wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi. Nchini India, eneo la Singrauli, bwawa la kituo cha Sasan lilipasuka tarehe 10 Aprili 2020 na watu 6 wakapoteza maisha, wakiwemo watoto. Kwa hiyo kuyaacha majivu bwawani nako ni uamuzi. Umeshaua.

Ukiyaweka mabwawa hayo kando ya tuta la Nizamuddin, tofauti ni ya wazi. Majivu yaliyo tutani yametolewa majini, yamekaushwa, yameshindiliwa hadi matundu yake yakabana, yamefunikwa udongo, na juu yake kuna lami inayotiririsha mvua pembeni kabla haijazama. Tone la maji lina safari ndefu kuyafikia. Mtu akiniuliza bora yapi kwa mkulima aliye chini ya mto, nitamjibu tuta, bila kusita, kwa sharti kwamba kitako cha tuta kiko juu ya maji ya ardhini hata mwezi wa mvua nyingi. Sharti hili si maneno ya kitabuni. Mwezi Julai 2023 Yamuna ulipanda Delhi hadi mita 208.66 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho hakikuwahi kurekodiwa kabla yake. Msanifu aliyepima maji ya kiangazi peke yake angekuwa amepima mto usiokuwepo.

Na ni wapi sharti hilo lilipopuuzwa? Mfano unaofundisha kuliko yote ni mji mdogo wa Pines, katika jimbo la Indiana, Marekani, karibu na ziwa Michigan. Kwa miaka mingi majivu ya kituo cha umeme cha jirani yalifukiwa kwenye dampo la pale, na mengine yakachukuliwa kama kifusi cha bure: yakajazia barabara za mitaa, yakasawazisha viwanja vya nyumba. Ardhi ya Pines ni mchanga wa ufukoni wenye maji karibu na uso, na wakazi walikunywa maji ya visima. Kuanzia mwaka 2000 vipimo vilionyesha boroni na molibdeni ndani ya visima hivyo. Bomba likavutwa kutoka mji wa jirani ili watu wapate maji mengine, na miaka ikapita tena kabla udongo wa baadhi ya viwanja haujaondolewa kwa sababu ya aseniki. Hakuna aliyekusudia kuwadhuru watu wa Pines. Majivu yalikuwa ya bure, barabara zilihitaji kujazwa, lori likaja likamwaga. Kila tuliloliona Nizamuddin, la koti la udongo, kushindilia na kitako kilicho juu ya maji, halikuwepo. Na kumbukumbu nayo haikuwepo: ilibidi viwanja vichimbwe kimoja kimoja ili ijulikane wapi pana majivu na wapi hapana.

Hapa sheria ya Marekani inastahili kuangaliwa kwa jicho kali. Kanuni ya majivu ya makaa iliyotangazwa Aprili 2015 na shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, inatofautisha majivu yaliyofungwa ndani ya kitu, kama zege, na yale yaliyolazwa wazi ardhini. Anayetaka kulaza wazi tani 12,400 au zaidi anatakiwa athibitishe kwamba maji, udongo na hewa havitadhurika kuliko ambavyo vingedhurika kwa vifaa vya kawaida. Ni sharti zuri. Lakini limeandikwa kwa kazi zisizo za barabara. Barabara imeondolewa, kwa imani kwamba majimbo na wahandisi wake wana viwango vyao. Naiona sababu hiyo na bado siikubali. Tuta la mita za ujazo 150,000 ni majivu mengi mno kuachiwa yapite kwa jina tu la barabara. Kama limejengwa sawasawa, uthibitisho ni kazi ya wiki chache. Kama haliwezi kuthibitishwa, hapo ndipo tulipotaka kujua.

India imelishika jambo hili kwa upande mwingine: upande wa amri. Septemba 1999 wizara ya mazingira ya nchi hiyo iliagiza kwamba wafyatua matofali na wajenzi walio ndani ya kilometa 50 kutoka kituo cha makaa watumie majivu, lengo kubwa likiwa kuunusuru udongo wa juu wa mashamba uliokuwa ukichimbwa kwa matofali na barabara. Mzunguko huo ukaongezwa hadi kilometa 100, kisha mwaka 2016 hadi 300, na vituo vikabebeshwa gharama yote ya kusafirisha kwa kilometa 100 za mwanzo na nusu yake kwa zilizozidi. Tarehe 31 Desemba 2021 likaja tangazo jipya: majivu yote, asilimia 100, lazima yatumike, na kituo kitakachobaki nayo kilipe rupia 1,000 kwa kila tani. Amri imefanya kazi, hilo lazima likubaliwe. Mwaka wa fedha 1996-97 India ilizalisha majivu kama tani milioni 69 na kutumia chini ya asilimia 10. Mwaka 2021-22 yalizalishwa takriban tani milioni 270 na hesabu rasmi zikasema asilimia karibu 96 zimetumika. Kumbebesha gharama ya usafiri mwenye majivu, hasa, ni busara ambayo ningependa kuiona kila mahali. Udongo wa shamba la jirani unaonekana rahisi kwa sababu tu hakuna anayemlipa mkulima thamani ya shamba lililogeuka shimo, wala mama aliyefiwa na mtoto aliyezama kwenye shimo hilo masika yalipolijaza.

Lakini chukua hesabu ya Nizamuddin uiweke mbele ya hizo tani milioni 270. Mita za ujazo 150,000 zilizoshindiliwa ni kama tani 180,000. Ili barabara pekee zimeze majivu ya India ya mwaka mmoja yangehitajika matuta 1,500 ya aina hiyo, kila mwaka, na kila moja liwe na mhandisi, koti la udongo na vipimo vya maji. Barabara hupata sehemu tu ya mzigo huu, viwanda vya saruji na matofali vikichukua sehemu nyingine kubwa, na bado yanabaki mengi. Yanakwenda wapi? Tangazo la 2021 linajibu lenyewe, kwa kuorodhesha miongoni mwa matumizi halali ujazaji wa maeneo ya mabondeni na mashimo ya migodi. Kujaza mgodi uliokwisha kunaweza kufanywa vizuri. Kujaza bonde ni jambo ambalo mtu wa Pines angelitambua kwa kuliona. Katika hesabu, hata hivyo, tani iliyofungwa ndani ya zege na tani iliyomwagwa bondeni zinahesabiwa sawa: zote zimetumika. Kipimo kinachofunika tofauti hiyo kinamwadhibu kila anayejenga kwa uangalifu, kwa sababu uangalifu huchukua muda na faini inakimbia na kalenda. Ningepunguza asilimia na kuongeza maswali. Tani ihesabiwe imetumika pale tu penye ramani ya mahali ilipolala, kina chake, na kina cha maji ya ardhini chini yake.

Kuna pingamizi la wanamazingira ambalo ni zito kuliko la sumu. Wanasema kuyapatia majivu soko ni kuyaongezea maisha makaa ya mawe, wakati dunia inahitaji yaachwe ardhini. Nalielewa, na sehemu yake ni kweli: maneno kama taka imegeuka mali humfanya mwenye kituo aonekane msafi kuliko alivyo. Lakini mapato ya majivu hayajengi kituo wala hayakizuii kufungwa. Uingereza ilikuwa ikijenga matuta ya barabara kuu kwa majivu kwa miongo mingi, na bado ilizima kituo chake cha mwisho cha makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Indraprastha kilifungwa 2009, Badarpur kikafungwa Oktoba 2018, na vyote vilikuwa na watumiaji wa majivu yake. Makaa yakiisha leo, malimbikizo ya jana hayaondoki nayo. Kwa wanaohofia kwamba majivu yataadimika vituo vikifungwa, jibu liko hapo hapo: malimbikizo ya zamani ni mengi, na kuyachimba kutoka kwenye mabwawa yanayovuja ndiyo kazi ambayo barabara ingeisaidia zaidi kuliko kupokea majivu mapya. Makaa yakatazwe kwa sababu ya moshi wake. Majivu yaliyokwisha kuzaliwa yanahitaji pa kulala vyovyote vile.

Mionzi nitaigusa kwa kifupi, kwa kuwa hutajwa sana ili kutisha. Urani na thori zimo ndani ya majivu, kwa viwango vinavyokaribiana na vile vya mawe ya kawaida kama granaiti, na chini ya lami hakuna anayeishi juu yake. Anayestahili wasiwasi wetu ni mfanyakazi. Vumbi hili ni laini kiasi cha kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na lina silika. Dereva wa lori lisilofunikwa turubai, kibarua mwenye koleo, mwanamke mwenye genge la chai kando ya barabara ya kituo: hawa hupumua majivu muda mrefu kabla msafiri hajakanyaga lami mpya. Majivu yapakiwe yakiwa na unyevu, yafunikwe, yasirundikwe siku nyingi kando ya kazi, na gari la maji liwepo kwenye mkataba kwa bei yake, kwa sababu lisilo na bei kwenye mkataba halifiki kazini.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili limekuwa likibisha hodi bila kuingia. Makaa ya Tanzania yamechomwa zaidi kwenye tanuri za saruji, na huko jivu huungana na klinka likawa saruji, halibaki rundo. Mengine ya Ruvuma hupakiwa melini Mtwara, na jivu lake huwa la aliyeyanunua. Nchini Kenya, mradi wa Lamu wa megawati 1,050 ulipoteza leseni yake ya mazingira mbele ya mahakama maalumu ya mazingira Juni 2019, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa inavyopaswa, na miongoni mwa yaliyowatia watu hofu katika mjadala ule ni mahali pa kutupia majivu, karibu na bahari inayowalisha. Lakini Ludewa, mkoani Njombe, mpango wa makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga umebeba kwa miaka mingi kituo cha umeme cha megawati 600. Kwa hesabu ya kukadiria, kituo cha ukubwa huo kikifanya kazi robo tatu ya muda wake kitachoma makaa ya karibu tani milioni 1.8 kwa mwaka. Jivu likiwa moja ya tano tu ya uzito huo, zitapatikana tani kama 350,000. Ni matuta mawili ya Nizamuddin kila mwaka, katika milima ambayo vijito vyake huteremka kuelekea ziwa Nyasa.

Wanaojadili mkataba wa kituo hicho, kama kitajengwa, wana nafasi ambayo Delhi haikuipata: kulijibu swali la majivu kabla ya tani ya kwanza. Mwekezaji aandikiwe kwamba gharama ya kuyasafirisha na kuyashindilia ni yake. Wakala wa barabara wapewe bajeti ya kupima maji ya ardhini masika, si kiangazi. Ramani ya kila tuta iwekwe ofisi ya wilaya, ambako diwani na mwananchi mwenye kisima wanaweza kuifungua bila kuomba ruhusa. Na wananchi wa Ludewa waulizwe mapema, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kuhusu majivu kama wanavyoulizwa kuhusu ajira. Hawawezi kuridhia umeme ambao nusu ya habari zake hawajaambiwa.